Kipindi Hiki ni cha Nani? Barua ya Wazi Kuhusu Vipindi vya Dini Redioni na Kwenye Televisheni

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Maudhui, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji Tanzania.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu jambo moja. Mkazi wa Dar es Salaam anayewasha televisheni yake leo na kukuta mahubiri au mawaidha hana njia ya kujua kama kipindi hicho kimeandaliwa na kituo chenyewe, kama kituo kimeipa taasisi ya dini nafasi hiyo bure, au kama kuna mtu aliyelipa fedha, akaleta maneno yake, nayo yakarushwa kama yalivyo. Ninaomba aelezwe. Mengine yote nitakayoyasema humu yanaelekea huko, na ninaomba mnivumilie ikiwa nitaanzia mbali, kwa sababu zamani swali hili lisingekuwa na maana yoyote.

Redio ilipoanza mjini hapa mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na hata baada ya Serikali kuichukua mikononi mwake mwaka 1965 na kuiita Redio Tanzania Dar es Salaam, dini ilikuwa na mahali pake palipojulikana. Ijumaa ilikuwa na mawaidha, Jumapili ilikuwa na ibada, sikukuu za Idi, Krismasi na Pasaka zilikuwa na matangazo ya moja kwa moja kutoka msikitini au kanisani, na katika mwezi wa Ramadhani aliyefunga alikaa karibu na redio akisubiri adhana ya Magharibi. Adhana hiyo ilikuja na ukumbusho kwamba ni kwa ajili ya Dar es Salaam na vitongoji vyake, kwa kuwa jua la Kigoma huzama karibu dakika 40 baada ya jua la huku pwani. Ukumbusho ule mfupi ndio ninaoutaja kila ninapoulizwa mhariri wa kipindi cha dini ana kazi gani. Alijua kwamba neno la dini likitoka redioni kuna mtu atakayelitenda papo hapo, kwa hiyo alihakikisha kwamba lililo sahihi kwa mtu wa Kinondoni halimfunguzi mtu wa Kigoma kabla ya wakati wake.

Sitamani enzi hizo zirudi. Nafasi ile ilikuwa ya wachache. Waliosikika ni wale waliotambuliwa na dola: upande wa Waislamu, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) lililoundwa mwaka 1968, na upande wa Wakristo, makanisa makubwa ya siku nyingi. Mlokole wa Mwananyamala, sheikh asiyekubaliana na Baraza, Mhindu anayesali katika mahekalu ya Kisutu, hao hawakuwa na saa yao, na aliyetaka kusikia sauti nyingine alihangaika kutafuta masafa mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Cairo ilikuwa ikisikika tangu mwaka 1954. Kuanzia mwaka 1963 Walutheri walirusha matangazo yao kutoka Addis Ababa, ambako Redio Sauti ya Injili ilipokea vipindi vya Kiswahili kutoka studio ya Moshi hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitaifisha mwaka 1977. Vituo vingine vya Kikristo vilitufikia kutoka Ushelisheli na Swaziland. Baadaye zikaja kaseti, na mhadhara uliotolewa Jumamosi katika kiwanja cha wazi uliweza kununuliwa Kariakoo siku chache baadaye, pasipo mhariri yeyote kuupitia. Kwa hiyo ninapomsifu mhariri wa redio ya taifa ninakumbuka pia waliofungiwa mlango, na ninajua kwamba ruhusa ya mwaka 1993 ya kuanzisha vituo binafsi iliwafungulia.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka huo ilibadilisha mambo haraka kuliko wengi tulivyotarajia. Mwaka 1994 Bara ilipata televisheni, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar, na mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likaanzisha Radio Tumaini. Radio Maria ilifuata mwaka 1996. Leo mjini hapa tuna Upendo ya Walutheri, Wapo na Praise Power za ndugu zetu wa Kipentekoste, Radio Kheri ya Waislamu, na Radio Imaan ya Morogoro nayo ina wasikilizaji wake hapa. Vituo hivi havinipi shida yoyote kuhusu swali langu. Anayefungua Radio Maria anajua ameingia nyumba ya nani, na rozari ikianza hawezi kusema ameviziwa. Mwenye nyumba anajulikana, jina lake liko kwenye leseni, na akikosea anaulizwa.

Shida yangu iko kwenye vituo vya kibiashara, vile ambavyo asubuhi vinasoma magazeti, mchana vinapiga muziki, jioni vinatoa taarifa ya habari, na katikati ya hayo vinauza nusu saa au saa nzima kwa mhubiri, nabii, sheikh au tabibu wa kisomo. Muda unaouzwa zaidi ni ule ambao mtangazaji wa sabuni hautaki: usiku wa manane, alfajiri, na asubuhi ya Jumapili. Mteja huja na mkanda wake uliokwisha kuhaririwa huko kwake, siku hizi kwenye flashi, analipa kwa mujibu wa orodha ya bei, na fundi mitambo anaurusha. Mtazamaji anaona nembo ileile pembeni ya kioo ambayo saa moja kabla ilikuwa juu ya kichwa cha msomaji wa habari.

Hatukubuni sisi biashara hii. Nchini Marekani vituo vilikuwa na desturi ya kuyapa makanisa makubwa muda wa bure kama sehemu ya wajibu wao kwa umma, hadi mwaka 1960 msimamizi wa mawasiliano wa huko aliposema kwamba hata muda wa dini uliolipiwa unahesabika katika wajibu huo. Kituo kikishajua kwamba kitapata sifa ileile kwa kuuza kile kilichokuwa kikikitoa bure, hakina sababu ya kuendelea kutoa. Makanisa yaliyozoea kupewa yakapungua hewani, na wahubiri waliojua kuomba michango mbele ya kamera wakachukua nafasi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na fedha za kununua muda wa wiki inayofuata. Mzunguko huo ndio ulioingia hapa kwetu. Kipindi kinacholipiwa lazima kirudishe gharama zake, na njia fupi ya kuzirudisha ni kumwomba anayekitazama.

Mambo mawili yaliusukuma mzunguko huo kwa nguvu hapa Dar es Salaam. La kwanza ni fedha kwa simu, zilizoanza mwaka 2008. Kabla ya hapo mhubiri wa televisheni angeweza kukuomba sadaka lakini ungepaswa kupanda daladala kuipeleka. Sasa namba inapita chini ya kioo na sadaka inafika kabla hajamaliza sentensi. La pili ni kuzimwa kwa mitambo ya analojia, na jiji letu lilitangulia nchini usiku wa Desemba 31, 2012. Katika analojia masafa moja yalibeba chaneli moja, na chaneli ilikuwa mali adimu. Katika dijitali masafa yaleyale yanabeba chaneli nyingi, gharama ya kuwa hewani ikashuka, na kila chaneli mpya ikawa na saa 24 za kujaza. Asiye na fedha za kutengeneza tamthilia hujaza saa hizo kwa kuziuza.

Nina shangazi yangu Mbagala, mjane, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akituma fedha kwenye namba aliyoiona katika kipindi cha usiku. Aliambiwa ni mbegu, na mbegu hupandwa kabla ya mavuno. Fedha zenyewe zilikuwa za mchezo wanaoucheza akina mama wa mtaani kwake, na zamu yake ya kupokea ilipofika alipanda karibu zote. Sikumlaumu, kwa kuwa sadaka ni haki yake na mimi si msimamizi wa imani yake. Nilichofanya ni kukipigia simu kituo kuuliza mhubiri yule ni nani, anapatikana wapi, na kanisa lake limesajiliwa kwa jina gani. Nilijibiwa kwa adabu kabisa: «Kipindi hicho si chetu, ni cha mteja.» Nilipomweleza shangazi jibu hilo alishangaa kuliko nilivyoshangaa mimi. Yeye alikuwa ameamini kwamba mtu hawezi kuonekana kwenye televisheni ile, anayoiamini kwa habari za mvua na bei ya unga, bila wenye televisheni kumfahamu.

Jibu la kituo, Waheshimiwa, ndilo kiini cha barua hii. Kituo kinapopokea fedha ni mwenye kipindi, na kinapoulizwa maswali si mwenye kipindi. Mteja naye hana leseni ya utangazaji, kwa hiyo hafungwi na masharti yenu kwa namna mwenye leseni anavyofungwa. Kati ya wawili hao neno lililosemwa linabaki bila mwenyewe.

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya sadaka tu, na kwamba mtu mzima ana akili zake. Labda. Lakini sehemu kubwa ya vipindi hivi inahusu afya, na hapo akili ya mtu mzima anayeumwa haina uhuru tunaoufikiria. Tazameni nusu saa yoyote ya aina hii: kuna aliyepona kisukari, kuna mama aliyekuwa na uvimbe uliotoweka, kuna kijana aliyetupa miwani. Upande wa pili wa dini yapo yanayofanana: kisomo kinachoondoa husda, maji yaliyosomewa ya kufungua uzazi, na namba ya simu ya tabibu inayorudiwa mara tatu. Sisemi hakuna anayeponywa, na mimi mwenyewe huomba ninapougua. Ninasema kwamba mganga wa tiba asili akitaka kutangaza dawa yake redioni anaulizwa kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ilhali mtu mwingine akitamka madai yaleyale juu ya ugonjwa uleule, akatanguliza aya au mstari wa Biblia, haulizwi kibali chochote ila risiti ya malipo.

Tumekwisha kuona nguvu ya neno la uponyaji likishika vyombo vya habari. Mwaka 2011, habari za kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, wa kijiji cha Samunge, Loliondo, zilipoenea, watu walitoka pande zote za nchi na nje ya nchi kwenda kunywa dawa ya shilingi 500. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo waliofia njiani au kwenye foleni. Babu, kwa haki yake, hakununua muda wa hewani. Ni vyombo vyenyewe vilivyoibeba habari, na vingi vilihesabu magari kwa bidii kuliko vilivyouliza maswali. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sidai kwamba mkasa huo ulisababishwa na redio au televisheni. Ninautaja ili msije mkafikiri kwamba maneno ya aina hii yanaishia masikioni.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni nyuso. Katika vipindi vya maombezi kamera humsogelea msichana aliyeanguka, nguo zimemvuka, anapiga kelele, na mhubiri anatangaza pepo lake na ugonjwa wake kwa jina. Wakati mwingine ugonjwa huo ni ule ambao hata daktari haruhusiwi kuutaja mbele ya ndugu. Msichana huyo atarudi mtaani kwake, Tandale au Gongo la Mboto, na mkanda wake utarudiwa wiki baada ya wiki, na kutoka hapo utaingia mtandaoni ambako hautoki tena. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ina Tume inayoisimamia. Ningependa kujua kama kuna kituo kilichowahi kumwomba mteja wake aonyeshe ridhaa iliyoandikwa ya watu wanaoonekana katika mkanda wake.

Ninajua hamjakaa kimya miaka yote. Februari 2013 Mamlaka iliifungia Radio Imaan ya Morogoro na Radio Kwa Neema ya Mwanza kwa miezi sita kila moja, ya kwanza kwa matangazo ya kuwataka Waislamu wasusie Sensa ya mwaka 2012, ya pili, ya Wakristo, kwa matangazo yaliyohusu mgogoro wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje wanyama wa kitoweo. Mmoja huku na mmoja kule, kwa siku moja. Wengi mtaani waliuona ulinganifu huo kabla ya kuyaona makosa yenyewe. Adhabu ile ilihusu uchochezi, na uchochezi hupigiwa kelele kwa sababu unawagusa watu wengi kwa mara moja. Mjane anayetuma fedha zake za mchezo saa nane za usiku hamgusi mtu yeyote, halalamiki, na mara nyingi hajui kwamba kuna mahali pa kulalamikia.

Wala siwaombi mfunge. Rwanda mwaka 2018 ilikifutia leseni kituo cha redio cha Kikristo kwa mahubiri yaliyowatukana wanawake. Huenda mahubiri yale yalistahili hasira iliyofuata, lakini kituo kikifungwa msikilizaji habaki na lolote la kumsaidia kupima mahubiri ya kituo kinachofuata. Nchini Nigeria, tangu mwaka 2004, msimamizi wa utangazaji alikataza televisheni kuonyesha miujiza isiyoweza kuthibitishwa. Kulikuwa na manung'uniko mengi, kwani wahubiri wa huko wana nguvu, lakini mzigo wa kuthibitisha uliwekwa mahali panapostahili, yaani juu ya anayedai na kituo kinachomrushia. Uingereza nako masharti ya msimamizi yanataka kipindi cha dini kisitumie vibaya udhaifu wa watazamaji, na kisieneze imani kwa kujificha. Mwaka 2021 kituo kimoja cha Kikristo cha huko kilitozwa faini ya pauni 125,000 kwa madai yake kuhusu korona na chanjo. Kituo hakikufungwa. Na kwa majirani zetu wa Kenya, ambako mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini wanaodaiwa kufundishwa wafunge kula hadi kufa ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, mafundisho ya mhubiri anayeshitakiwa yalikuwa yamesambaa kupitia televisheni na mtandao miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kushika sepetu. Hawakukosa sheria ya mauaji. Walikosa mtu wa kuuliza mapema.

Ninachoomba si kikubwa. Kila kipindi cha dini kilicholipiwa katika kituo cha kibiashara kitangazwe hivyo, mwanzoni na mwishoni, kwa sauti na kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka: kipindi hiki kimelipiwa na fulani, aliyesajiliwa kwa jina fulani, wa mahali fulani. Maandishi hayo yabaki kwenye kioo muda wote ambapo namba ya kutuma fedha inaonyeshwa, na namba yenyewe iwe ya taasisi iliyosajiliwa, isiwe ya mtu binafsi. Tangazo la sabuni tunalitambua kwa mlio wake na picha zake, wala hakuna anayelichanganya na taarifa ya habari. Sioni kwa nini bidhaa iliyo nzito kuliko sabuni iuzwe bila alama. Kuhusu uponyaji, kituo kitakacholeta ushuhuda wa ugonjwa uliopona kiwe na karatasi ya hospitali kabla na baada, kiihifadhi, na kiitoe mnapoidai. Asiye nayo ahubiri, aombe, aimbe, afundishe, ila asimwambie mgonjwa wa kisukari kwamba fulani aliacha sindano akapona. Na pale kituo kitakapojibu kwamba kipindi si chake, jibu hilo lisikubaliwe na ofisi yenu, kwa sababu leseni ni yake.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia tayari. Ya kwanza ni Katiba. Ibara ya 19 inasema kazi ya kutangaza dini ni huru na ni hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ninaiheshimu ibara hiyo, na nimejitahidi nisiombe lolote linalogusa mafundisho ya mtu. Kumtaka mtu ataje jina lake hakumzuii kuhubiri, mitume walitaja majina yao, na kila hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) hupokewa ikiwa na msururu wa majina ya walioisimulia, ili anayesikia ajue imetoka kwa nani na imepitia kwa nani. Wasomi wa dini zote mbili wangekuwa wa kwanza kushangaa kuambiwa kwamba kumjua msemaji ni kuibana dini.

Pingamizi ya pili ni ya fedha, nayo ni nzito zaidi. Wenye vituo watawaambia kwamba muda wa dini ndio unaolipa umeme na mishahara, kwamba matangazo ya biashara yamehamia mtandaoni, na kwamba kipindi kikibandikwa alama wateja watakimbilia YouTube ambako hakuna anayewauliza. Ni kweli kwamba baadhi watakimbia. Lakini wanachokinunua wateja hao kwenye televisheni hawawezi kukipata kwenye simu, nao ni uaminifu wa nembo ya kituo, ule uliomfanya shangazi yangu aamini kwamba wenye televisheni wanamfahamu mtu yule. Kama bei ya muda inapanda kwa sababu mtazamaji amefichwa jambo, basi bei hiyo haikuwa halali tangu mwanzo, na kituo kitakachoendelea kuuza baada ya kutaja jina la mnunuzi kitakuwa kinauza kitu cha kweli.

Kwa Shirika la Utangazaji nina neno la pekee. Ninyi mmerithi mhariri yule wa adhana, na mmerithi pia maktaba ya kanda za redio katika jengo la Barabara ya Nyerere, na sitashangaa nikiambiwa kwamba humo, pamoja na muziki wa dansi ambao kila mtu anauzungumzia, zimo kwaya, kasida, hotuba za Baraza la Idi na ibada za miaka ya mwanzo ya uhuru. Chombo cha umma hakilazimiki kushindana na wanunuzi wa usiku. Kinaweza kufanya lile ambalo mnunuzi hatalifanya kamwe, yaani kutengeneza kipindi cha dini ambacho mwandaaji wake haombi chochote: kinachomweleza Mkristo wa Ubungo kwa nini jirani yake amefunga siku sita za Shawwal, kinachomweleza Mwislamu wa Magomeni Kwaresima ni nini, kinachokwenda Upanga kwa Wahindu na Mabohora waliokaa nasi kwa vizazi na ambao sijawahi kuwasikia wakieleza imani yao kwa Kiswahili redioni kwa zaidi ya dakika chache za sikukuu. Kikiwa na mhariri, kitakuwa pia kipimo ambacho mtazamaji atakitumia kuvipimia vile vilivyolipiwa. Na kama muda wa umma nao unauzwa kwa madhehebu, tuambiwe unauzwa kwa nani na kwa bei gani, kwa kuwa nchi ambayo Katiba yake inasema haina dini haipaswi kuwa na orodha ya bei ya dini iliyofichwa droo.

Namalizia na utaratibu. Ninaomba Kamati ya Maudhui iitishe kikao cha wazi jijini hapa, iwaite wenye vituo, viongozi wa dini waliosajiliwa na wasiosajiliwa, Baraza la Tiba Asili, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kampuni za simu ambazo namba zao ndizo zinazopita kwenye kioo, na sisi watazamaji. Ninaomba pia kwamba majibu yenu kwa barua hii, yawe ya kukubali au ya kukataa, yasomwe hewani katika vituo hivyo, Ijumaa na Jumapili, katika saa zilezile zinazouzwa, bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msikilizaji na mtazamaji,
Tabata, Dar es Salaam